Mke wa Steringi

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tanga, banda la kuonyeshea picha za video, miaka ya tisini, kiingilio kilikuwa shilingi 50 na sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Hata apigwe risasi, atupwe korongoni, afungiwe kwenye ghala linaloungua, sisi tuliobanana kwenye mabenchi hatukuwa na wasiwasi. Akiingia mgeni akaanza kupiga mayowe, kaka yangu alimtuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuiona picha hiyo mara saba: "Tulia wewe, huyo steringi." Wengine wote kifo kilikuwa halali yao. Rafiki wa steringi, baba wa steringi, mwalimu aliyemfundisha ngumi. Na mke wa steringi. Huyo wa mwisho hata hatukumlilia, kwa sababu asipokufa yeye picha itaanzaje?

Sheria hiyo nilikuja kukutana nayo tena Texas, nikiwa na miaka 31, bakuli la uji mkononi.

Waliokaa ughaibuni wanaijua kazi ninayoisema. Nyumbani watu husema fulani yuko Marekani anabeba boksi. Boksi lenyewe mara nyingi ni binadamu: mzee wa watu, umwogeshe, umlishe, umpe dawa kwa saa zake, kisha ukae naye sebuleni mpaka wa zamu ya usiku agonge mlango. Wangu alikuwa mgane wa miaka 80 na kitu, mtu wa Texas magharibi, mrefu hata akiwa kitini. Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniuliza maana yake, nikamwambia ni neno la heshima kwa mtu mkubwa, akatikisa kichwa taratibu kama anayepokea cheo. Wiki haijaisha akawa anajitambulisha hivyo kwa muuguzi aliyekuja kumpima presha. Mimi aliniita kwa neno lao ambalo kwetu lingekuwa "binti", ingawa nilishakuwa mama wa watoto wawili.

Kuanzia saa nane mchana televisheni ilikuwa yake. Kule kuna vituo vizima ambavyo kazi yao ni kurudia vipindi vya zamani, na mchana, wenye nguvu wakiwa makazini, ni picha za kaboi mtindo mmoja. Mzee alizipenda zote, lakini aliyoiheshimu ni Bonanza. Ile ramani ikishashika moto, ikatoboka katikati, wakatokea wanaume juu ya farasi, nilijifunza kutotaja habari za vidonge mpaka muziki uishe.

Kwa ambaye haijampitia: Bonanza ilianza kuonyeshwa na NBC, kampuni ya televisheni ya Marekani, tarehe 12 Septemba 1959, ikaisha 16 Januari 1973. Misimu 14, sehemu zaidi ya 400. Ni habari ya baba, Ben Cartwright, na wanawe watatu, Adam, Hoss na Little Joe, wenye shamba kubwa la mifugo na misitu liitwalo Ponderosa, kando ya Ziwa Tahoe, karibu na Virginia City, mji wa machimbo ya fedha huko Nevada. Ilipigwa kwa rangi wakati Wamarekani wengi bado wana televisheni za nyeusi na nyeupe. NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA ilikuwa ikiuza televisheni za rangi, kwa hiyo lile ziwa la buluu na ile misonobari vilikuwa vinaiuzia kampuni bidhaa bila kufungua mdomo. Kati ya mwaka 1964 na 1967 kule kwao hakikuwepo kipindi kilichotazamwa kuliko hicho.

Mwanzoni nilikitazama kwa jicho la mpishi. Meza imejaa chakula, Hop Sing, mpishi wao Mchina, analalamika kinapoa, na mezani hakuna mwanamke hata mmoja. Wanaume wanne wazima, wenye nyumba, wenye mali isiyohesabika! Kwetu wangeshatumwa mashangazi. Nikamwuliza Mzee, hivi hawa hawaoi? Akacheka mpaka akapaliwa, nikamshika mgongo.

"Wanaoa," akasema alipopata pumzi. "Tatizo wake zao hawadumu."

Nikaanza kuhesabu. Ben peke yake alizika watatu. Elizabeth, binti wa nahodha wa pwani ya mashariki, alifariki akimzaa Adam. Inger, Mswidi, mama yake Hoss, alipigwa mshale njiani wakielekea magharibi. Marie wa New Orleans, mama yake Joe, alianguka kutoka juu ya farasi. Kila mke mtoto mmoja wa kiume, kisha kaburi. Kila mmoja alipewa sehemu yake ya kumbukumbu, mwaka 1961, 1962 na 1963, na majina ya sehemu hizo yanafanana kama barua za mtu asiyejua kuandika nyingine: Elizabeth, My Love, Inger, My Love, Marie, My Love. Ile ya Inger ilinichekesha nilipotafuta habari zake baadaye. Inga Swenson aliyemwigiza alizaliwa 1932, Dan Blocker aliyekuwa Hoss alizaliwa 1928. Mama kazidiwa umri na mwanawe kwa miaka minne. Lakini katika nyumba ile hilo si ajabu, maana Lorne Greene, baba mtu mwenye mvi zake, alimzidi Pernell Roberts, mwanawe wa kwanza, miaka 13 tu.

Wana nao wakarithi. Mwezi ule ule wa kwanza, Septemba 1959, Hoss akampenda mwanamke anayekwisha kwa kifua kikuu. Novemba, Joe akampenda Amy Bishop, binti wa jirani waliyekuwa wakigombania naye ardhi. Mapenzi ya watoto wa mahasimu, na mwisho wake unaujua kabla hujaambiwa. Mwaka 1962 akampenda Laura White, ugonjwa ukamchukua. Laura naye alikuwa binti wa nahodha. Sijui manahodha waliwakosea nini waandishi wa kipindi hiki. Na hao ni waliokufa tu, sikuwagusa waliohama, waliobainika wana waume, na waliobainika wezi. Watazamaji wa kule wana jina lake: laana ya Cartwright.

Namjua mmoja aliyetoka salama. Msimu wa 1963 kuelekea 1964, Pernell Roberts alikuwa amechoka na anataka kuondoka, basi watayarishaji wakamtafutia Adam mchumba ili aage kwa harusi: Laura Dayton, mjane mwenye mtoto wa kike. Roberts akabaki msimu mmoja zaidi, mpaka 1965. Mchumba akawa mzigo usio na mwenyewe, wakamwozesha moyo kwa binamu aliyeletwa kwa kazi hiyo, akaondoka naye. Akaondoka hai! Bahati ya mwanamke yule sijaiona kwa mwingine yeyote aliyekanyaga Ponderosa.

Sababu ya vifo hivi niliielewa kupitia nguo. Ilikuwa Mzee aliyenionyesha. "Mtazame Joe," akasema, "koti gani hilo?" La kijani. Kesho yake, koti la kijani. Wiki ijayo, la kijani. Ben na kizibao chake cha ngozi, Hoss na kofia yake kubwa kama sufuria ya shughuli, Adam mweusi tii kuanzia juu mpaka chini. Miaka nenda rudi. Nilidhani ni ubahili wa matajiri. Kumbe watengenezaji walitaka picha za farasi wakikimbia, zikishapigwa mara moja, ziweze kuchomekwa popote, na mwigizaji mbadala wa hatari avae kama mwenyewe bila mtu kushtuka. Tena kipindi kiuzwe vituoni, kirudiwe bila mpangilio, ya 1961 leo, ya 1969 kesho, na mtazamaji asipotee. Sasa chomeka mke hapo. Leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa ana mimba, Ijumaa Joe anachumbia mwingine. Sehemu za kipindi zisingeoana, kwa hiyo watu ndani yake hawakuruhusiwa kuoana. Mtu aliyekatazwa kubadili koti atapewaje mke?

Kibanda umiza kile kile, basi, ila hiki kilikuwa na rangi nzuri zaidi na matangazo ya Chevrolet katikati.

Mwezi wa pili au wa tatu wa kazi yangu ikaanza sehemu ambayo sikuielewa. Joe amekuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumtoka. Adam hayupo, Hoss hayupo. Wapo Ben, yupo kijana wa kulelewa, Jamie, na Candy, mfanyakazi wao. Na yupo msichana, Alice Harper, mwenye uso ambao nilihisi nimewahi kuuona mahali, sikumbuki wapi. Nilikuwa nakunja nguo zilizotoka kwenye mashine, natazama kwa jicho moja. Joe na Alice wakapendana, haya, hiyo nimeizoea. Halafu wakaoana. Wakaoana kweli, kwa kiapo, watu wamevaa wamependeza. Wakapata nyumba yao wenyewe, nje ya Ponderosa ile ya baba. Halafu Alice akamwambia Joe ana mimba, Joe akacheka kile kicheko chake cha kitoto ambacho miaka 13 haikukizeesha.

Mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa haumtii tangu apate kiharusi. Akaunyoosha wa kushoto, ukavuka mapaja, ukapapasa kwenye meza ndogo kati ya miwani na kopo la tishu, ukaipata rimoti. Akazima.

"Waache hapo hapo," akasema.

Nikamwuliza kama anataka kulala. Hataki. Maji? Hataki. Tukakaa mbele ya kioo cheusi, mimi na soksi zake mapajani, yeye anatazama pale pale kana kwamba picha inaendelea, mpaka akaona muda umetosha, akawasha. Kulikuwa na tangazo la bima.

Hilo lilitokea mara tatu katika miaka miwili niliyokaa naye. Mara ya pili ndipo alinieleza. Nyumba itachomwa, alisema, na yule binti ndani yake. Aliiona mara moja tu, siku ilipotoka, mwaka 1972, yeye na mkewe kwenye kochi. Mkewe alisimama katikati akaenda jikoni, akafungua bomba la maji, hakurudi mpaka ikaisha. Tangu hapo kila iliporudiwa, mke ndiye aliyekuwa akizima, palepale kwenye kicheko, na kila mara kwa maneno yale yale. Kwa hiyo nilichokuwa nikikisikia pale sebuleni yalikuwa maneno ya marehemu. Sikuuliza zaidi. Nilikwenda kumchemshia chai asiyoiomba.

Mzee alifariki mwezi Februari, usingizini, zamu ikiwa ya mwenzangu. Wanawe walinipa blanketi lake la magotini. Siku kadhaa baadaye, nikiwa chumbani nilikopanga, sina kazi na sina usingizi, niliitafuta sehemu ile kwenye simu. Inaitwa Forever. Milele. Nikaitazama yote.

Nyumba inachomwa kwa sababu ya deni. Alice ana kaka, John, mcheza kamari, na anayemwigiza ni Andrew Robinson, ambaye mwaka wa kabla yake alikuwa ametoka kuwa muuaji katika Dirty Harry, kwa hiyo nadhani mtazamaji wa wakati ule alimwona tu akajua hapa hapana heri. John anadaiwa na watu wabaya. Joe hayupo nyumbani. Deni la kaka linalipwa na dada, yeye na aliyemo tumboni. Kama umekulia mahali ambapo wadai wa mwanamume huja kubeba sufuria za mwanamke, hutauliza kwa nini walikwenda kwake.

Halafu ndipo inapoanza ile nusu ambayo sebuleni kwa Mzee haikuwahi kuwapo. Nilitegemea kisasi, na kisasi kipo: Joe na Candy wanawafuata wauaji. Lakini nilivyokizoea kisasi cha kibanda umiza, mke anazikwa dakika ya kumi, dakika ya kumi na moja steringi anajaza risasi. Hapa sehemu nzima inachukua saa mbili pamoja na matangazo, na sehemu kubwa ya muda huo Joe hafanyi chochote cha maana. Analia. Michael Landon, aliyemwigiza Joe, alijulikana kwa kulia mbele ya kamera, baadhi ya watu walimcheka kwa hilo, na kuna nyakati katika kipindi hiki na hata alivyovifanya baadaye ambapo mimi mwenyewe naona anazidisha. Hapa sikuona hivyo. Ana uso wa mtu aliyekaa msibani siku ya pili, ile siku ambayo waliokuja kuzika wamerudi makwao na turubai bado halijashushwa.

Nikaenda kutafuta sababu, nikaipata, na tangu hapo siwezi kuitazama Forever kama hadithi ya Joe na Alice.

Iliandikwa kwa ajili ya Hoss. Landon ndiye aliyeiandika na ndiye aliyeiongoza, na aliyekuwa aoe, aliyekuwa afiwe, alikuwa Hoss. Ukifikiri utaona akili iliyokuwamo. Kwa miaka 13 Hoss ndiye jitu jema la nyumba ile, mtu wa kilo zaidi ya 130 anayeona haya mbele ya wanawake, anayependa kimyakimya na kukosa. Dan Blocker mwenyewe alikuwa wa Texas, alisoma mpaka shahada ya uzamili, akafundisha shule kabla ya kuigiza. Mzee alikuwa akimsema kama ndugu wa ukoo. Kumpa mtu huyo mke, mwishoni kabisa, kisha kumnyang'anya! Marekani nzima ingelia.

Tarehe 13 Mei 1972 Blocker akafariki. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo, damu ikaganda, ikaziba mshipa wa pafu. Miaka 43.

Steringi alikufa, basi. Hakufa kwenye picha, ambako sheria inamlinda, alikufia kwenye kitanda kama watu wengine. Na mezani kwa Landon kulikuwa na hadithi ya msiba ambayo mfiwa wake ndiye marehemu.

Angeweza kuitupa. Aliichukua akaivaa mwenyewe. Ndiyo maana nikimtazama Joe kwenye ile nusu ya pili naona kama mtu aliyevaa shati lililoshonwa kwa kipimo cha Hoss: mabega yanamwanguka, mikono inamzidi. Joe alishafiwa na wachumba wangapi, na wiki iliyofuata alikuwa mzima kabisa na koti lake la kijani. Huzuni hii si saizi yake. Ni ya mtu mzito, asiyejua kupenda mara mbili. Na nadhani, hili ni wazo langu, kwamba katika hadithi ya kwanza aliyepanda farasi kando ya mfiwa, aliyemshika asianguke, alikuwa Joe. Landon alipohamia nafasi ya mfiwa, nafasi ya ndugu ikabaki wazi. Anayekwenda naye ni Candy. David Canary aliyemwigiza aliwahi kuondoka kwenye kipindi, msimu ule wakamrudisha, na anaifanya kazi yake vizuri. Lakini kila Joe anapogeuka kutazama nani yuko pembeni yake, mimi namwona anayetafutwa.

Mimi ni mtu wa pwani, msiba ukitajwa nahesabu siku. Kutoka 13 Mei mpaka 12 Septemba 1972, siku Forever ilipoonyeshwa, ni miezi minne kasoro siku moja. Ndani ya muda huo waliigiza, wakapiga picha, wakakata, wakaweka muziki. Walikuwa bado kwenye matanga, kwa namna yao. Na tarehe yenyewe, 12 Septemba, ndiyo ile ile kipindi kilipoanza mwaka 1959. Hata siku ya wiki walishahamishwa: Jumapili usiku, iliyokuwa yao tangu 1961, wakapewa Jumanne.

Kutoka hapo mpaka sehemu ya mwisho kabisa, 16 Januari 1973, ni siku 126. Wiki 18 kamili. Milele ya Joe ilidumu wiki 18. Mwanamke wa kwetu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya miezi mwandamo ni kama siku 128. Mwanamume hana eda, najua, na Joe hakuwa mtu wa dini yetu. Nimehesabu tu. Kama angekuwa mjane wa Tanga, Bonanza ingezimwa zikiwa zimebaki siku mbili atoke ndani.

Na sehemu hiyo ya mwisho, nayo aliiandika na kuiongoza Landon, haina harusi wala kwaheri. Joe yuko peke yake nyikani, hana farasi, anawindwa na mwanajeshi aliyeharibikiwa akili. Ndivyo walivyotuachia.

Sasa Alice. Nimeandika aya ngapi hapa, na nimemsemaje? Ana mimba, anacheka, anaungua. Ndiyo malalamiko yangu kwa sehemu hii hata kama naipenda. Tunajua kwa kina maumivu ya kila mwanamume aliyebaki, na hatujui Alice angetaka nini akikaa peke yake dakika tano. Ameletwa ili afe, na safari hii hata anayefiwa si aliyekusudiwa. Ni misiba miwili ndani ya saa mbili, wa Hoss na wa kwake, wa kwake ukiwa ndio mdogo. Landon mwenyewe mwaka uliofuata kufungwa kwa kipindi, 1974, alihamia kwenye nyumba iliyojaa wanawake: Little House on the Prairie, mke na mabinti, tena kwenye NBC ile ile na muziki wa David Rose yule yule wa Bonanza. Mke hafi. Sitaki kusema alijifunza kitu, pengine alichoka tu kupanda farasi. Lakini miaka 14 ya meza isiyo na mwanamke ilimtosha.

Kilichonikosesha usingizi kabisa usiku ule kilikuwa kidogo zaidi ya hayo. Ule uso. Nilirudisha nyuma mpaka kwenye kicheko, nikasimamisha picha palepale ambapo Mzee alikuwa akizima, nikamtazama Alice. Mashavu yale. Namna ya kuinua kidevu anapobishiwa. Nikashuka mpaka majina ya mwisho: Bonnie Bedelia. Nikaliandika jina kwenye simu, nikapiga ukelele peke yangu chumbani.

Kule Texas ilikuwa saa nne usiku, Tanga ni saa moja asubuhi. Kaka yangu alipokea nikisikia bodaboda nyuma yake.

"Unamkumbuka mke wa Bruce Willis?" nikamwambia.

"Yupi? Kwenye picha?"

"Die Hard. Ile ya jengo refu, sikukuu ya Krismasi. Mwenye koti, nywele zimejikunja. Mkewe."

"Eeh. Aliyempiga mwandishi wa habari ngumi ya uso."

"Huyo huyo. Nimemwona ameigiza kaboi, ya mwaka 1972, ameolewa na steringi, wakamchomea nyumba."

Kaka akanyamaza kidogo. Nilijua anafanya nini: anaipitisha kichwani ile ya jengo refu, tuliyoilipia shilingi 50 mara ngapi sijui, anatafuta mahali ambapo mke yule alitakiwa kufa, na hapaoni. Bedelia alikuwa na miaka 24 alipokuwa Alice. Die Hard ilitoka 1988, miaka 16 baadaye.

"Ya Bruce Willis hakufa," akasema. "Hata sehemu ya pili hakufa. Tulibishana sana pale kibandani, unakumbuka? Watu walidai hela yao."

Sikukumbuka, lakini nilimwambia nakumbuka. Halafu akaniuliza kama nimeshapata mzee mwingine.